Chupa Iliyofichwa Juu ya Kabati

Shosho alikuwa na saratani ya mifupa. Hospitali ikampa chupa ya mofini ya kunywa, anko akaificha juu ya kabati. "Hiyo ni kama unga. Mnataka awe teja?" Shosho, miaka 78, eti teja. Manze.

Nilitaka kujua hiyo uoga ilitoka wapi.

Karibu 1805 huko Ujerumani, Friedrich Sertürner, kijana wa duka la dawa ambaye hata 25 hakuwa amefika, alitoa kwenye afyuni ile kitu inaua maumivu. Akaipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Baadaye aliijaribu mwilini mwake na vijana watatu. Wakameza, wakaongeza, wakaongeza tena, muda mfupi tu. Wakalegea, usingizi ukawabeba, ikabidi awanyweshe siki watapike. Walikuwa wamezidisha, basi.

Halafu 1898 kampuni ya Bayer ikaanza kuuza heroini, ambayo hutengenezwa kwa mofini, kama dawa ya kikohozi. Ya kikohozi, wasee! Watu wakanaswa, serikali zikaweka sheria kali, na mofini ikafungiwa pamoja na mtoto wake. Anko alirithi hapo.

Lakini 1967 Cicely Saunders alifungua St Christopher's Hospice, London. Huko mofini ilitolewa kwa saa, kabla maumivu yarudi, kila mgonjwa na kipimo chake. Nairobi Hospice ikaanza 1990. Uganda, Anne Merriman alianzisha hospisi 1993, na unga wa mofini ukachanganywa na maji, mtu akunywe akiwa kwake nyumbani.

Iko na shida zake, sikatai. Choo hufunga, karibu kwa kila mtu, ndio maana tulipewa na dawa ya kulainisha. Siku za kwanza kuna usingizi na kichefuchefu. Ukizidisha, au uchanganye na pombe, pumzi hupungua mpaka mtu anakufa. Kwa hivyo si ya kichwa kuuma, na si ya kuonja na maboyi kama Sertürner.

Muuguzi alikuja nyumbani, akakaa na anko, akamwonyesha kipimo. Chupa ikashuka. Usiku huo Shosho alilala mpaka asubuhi, akaamka akiulizia chai.

Alibaki na wiki tatu, na alizimaliza akipiga stori na sisi. Wiki mbili za kabla ya hapo, chupa ilikuwa juu ya kabati.