Sungura wa Fuenlabrada

Katika hadithi za bibi, sungura anakula karanga za watu usiku, halafu asubuhi fisi ndiye anayechapwa. Mjini Fuenlabrada, kusini-magharibi mwa Madrid, Uhispania, mambo yalikwenda karibu hivyo hivyo, ila aliyeshukiwa kwanza alikuwa mbwa.

Kuanzia katikati ya 2009, hospitali za huko zilianza kupokea wagonjwa wengi wa leishmaniasisi. Wengine walikuwa na vidonda vya ngozi visivyopona. Wengine walikuja na homa isiyoisha, bandama imevimba, mwili umekonda. Ugonjwa huu wa pili tunaujua: ndio kala-azar inayosumbua watu wa Baringo na Pokot Magharibi, na usipotibiwa unaua. Kufikia mwisho wa 2012 wagonjwa walikuwa 446. Ati Ulaya, tena kwenye mji wa treni na maduka makubwa!

Vimelea vyake hubebwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu. Lakini usubi lazima avitoe kwa mtu au mnyama fulani, na kwa nchi za Mediterania jibu lilikuwepo tangu 1908, Charles Nicolle alipovikuta kwa mbwa kule Tunis. Mbwa amebeba lawama hiyo miaka 100, na mara nyingi anastahili. Basi mbwa wa Fuenlabrada wakapimwa. Kumbe maambukizi yao hayakuwa yamepanda.

Sasa hebu fikiria mahali penyewe. Kandokando ya miji hiyo kulikuwa na bustani mpya na msitu wa kupandwa, Bosquesur, yaani "msitu wa kusini", ili watu wa magorofa wapate pa kupumulia. Wazo zuri, silibezi hata kidogo. Ila sungura pori walipapenda zaidi: nyasi tele, wanyama wa kuwala wachache, na barabara kuu zimewazingira. Wakazaana kweli kweli. Usubi nao wakapata damu mlangoni.

Watafiti walikamata usubi na kupima damu iliyokuwa tumboni mwao. Nyingi ilikuwa ya sungura. Bado hiyo haitoshi. Kuumwa si kuambukiza. Kwa hiyo wakachukua usubi safi waliofugwa maabara, wakawaacha wawanyonye sungura waliotoka msituni. Baadhi ya usubi hao wakatoka na vimelea. Matokeo yalichapishwa 2012. Sungura wenyewe walionekana wazima, wanarukaruka tu, na nadhani ndiyo maana macho ya watu yalibaki kwa mbwa.

Serikali ya huko ikaanza kuwanasa sungura na kupunguza maficho ya usubi. Wagonjwa walikuwa wamefikia kilele 2011. Baadaye wakapungua, ingawa ugonjwa haukuisha. Msitu uliachwa ukiendelea kukua.