Rebecca Clarke, mtunzi aliyeambiwa hayupo

Mwaka 1919, Elizabeth Sprague Coolidge, tajiri wa Kimarekani ambaye haikumuuma kutoa pesa kwa ajili ya muziki, alitangaza shindano: tunga kitu cha viola na piano. Zikaja kazi 72, majina ya watunzi yamefichwa. Waamuzi sita wakagawanyika tatu kwa tatu, wakabanwa kati ya mbili. Ikabidi Coolidge mwenyewe apige kura, akaichagua ile ambayo ilikuja kujulikana kuwa ya Ernest Bloch. Basi waamuzi wakataka kujua, huyu mwingine nani? Kumbe ni Rebecca Clarke, Mwingereza wa miaka 33, na ni mpigaji viola. Walipigwa na butwaa kuona ni mwanamke.

Halafu yakaanza maneno. Eti hakuna mtu anayeitwa hivyo. Ni Bloch huyohuyo kajipachika jina la kike! Uchungu wa kichekesho hiki ni kwamba mwaka mmoja kabla, Clarke alikuwa amefanya kinyume chake. Kwenye onyesho huko New York aliona haya jina lake kujaa kwenye ratiba, akakiandika kipande chake kimoja kwa jina la kubuni, Anthony Trent. Magazeti yakamshughulikia Bwana Trent kuliko yeye.

Sonata yenyewe haina haya hata kidogo. Piano inashika kodi, viola inaingia juu yake kama tarumbeta ya mtu anayetaka njia, kisha inaachwa peke yake izunguke itakavyo. Kumbuka hii ni ala iliyozoea kukaa katikati ya okestra, ikijaza sauti ambazo msikilizaji hazitambui: nene kuliko ya fidla, nyembamba kuliko ya selo. Clarke aliijua kwa vidole vyake. Sehemu ya pili ni nyepesi, nyuzi zinadonolewa; ya tatu inaanza na piano peke yake, polepole, kwa wimbo mwepesi kama wa mtoto, mpaka lile tarumbeta la mwanzo linarudi. Hapo ndipo mimi huacha kufanya kazi nyingine.

Mwaka huohuo Paul Hindemith, naye mpigaji viola, alitunga sonata yake Opus 11 namba 4. Yeye aliendelea kutunga maisha yake yote. Clarke baada ya miaka ya 1940 karibu alinyamaza, na sonata ikasahaulika hadi 1976, redio moja ya New York ilipoadhimisha miaka yake 90. Alipohojiwa siku hizo alisimulia, akiona ni jambo la kuchekesha kuliko yote, kwamba aliwahi kuwa na kipande cha gazeti kilichosema yeye hayupo.