Seremala Alitangulia Nyumba

Kuna meza ndogo ya mbao, iliyobuniwa Utrecht, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1920, ambayo kila nikitazama picha yake naona nyumba. Kitako chake ni duara. Juu kuna ubao wa pembe nne. Kati ya hivyo viwili vimesimama vibao vilivyokutana kwa pembe, wala haviko katikati. Miguu minne haipo. Ukiizunguka, kila upande unakuonyesha meza nyingine. Aliyeibuni ni Gerrit Rietveld, na meza yenyewe hubeba jina la Truus Schröder, mwanamke ambaye baadaye alimpa kazi ya kujenga nyumba.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba samani za namna hii ni sanaa ya kisasa iliyoshuka kutoka ukutani: wachoraji wa kundi la De Stijl walichora mistari iliyonyooka na rangi za msingi, kisha seremala akaja kuwaiga. Naona hadithi hiyo imeanzia mwisho.

Rietveld alizaliwa mwaka 1888, baba yake akiwa seremala wa samani. Akiwa na miaka kama 11 aliacha shule akaingia karakana ya baba. Usanifu wa majengo aliusoma jioni, baada ya kazi, mikono ikiwa bado ina vumbi la randa. Mwaka 1917 akafungua karakana yake. Mwaka huohuo, katika mji mwingine, Theo van Doesburg alikuwa anaanzisha jarida la De Stijl. Kiti chake maarufu cha fito na mbao mbili, ambacho leo tunakijua kwa rangi nyekundu na buluu, alikitengeneza mnamo 1918, na wakati huo hakikuwa na rangi hizo kabisa. Kilikuwa mbao tu. Jarida lilikichapisha mwaka 1919. Rangi zilifuata miaka kadhaa baadaye, karibu 1923. Kwa hiyo sanaa ndiyo iliyokikuta kiti kimeshakaa.

Sisemi kwamba hakuiga mtu. Mbunifu mmoja wa majengo, Robert van 't Hoff, alimpa kazi ya kutengeneza samani kwa mfano wa zile za Mmarekani Frank Lloyd Wright, na seremala anayenakili kazi ya mwenzake hujifunza mambo ambayo picha haisemi. Lakini alijifunza kwa patasi.

Siri ya kazi yake iko kwenye kiungo. Seremala wa kawaida huchonga ulimi kwenye mti mmoja, akatoboa tundu kwenye mwingine, akavishindilia mpaka mshono usionekane. Rietveld alichukua fito tatu, moja ya kusimama na mbili za kulala, akazipitisha ubavuni mwa mwenzake, kisha akazishika kwa vijiti vya mbao vilivyofichwa ndani. Hakuna fito inayokatwa ili kuipisha nyingine. Kila moja hupita na kuendelea mbele kidogo, kana kwamba ina safari yake.

Niliuchora mchoro wa meza yenye kiungo hicho nikaupeleka Keko, Dar es Salaam, kwa fundi ambaye mninga anautambua kwa harufu. Aliugeuza mara mbili. "Dada, hizi ncha zinazotokeza utazikata lini?" Nikamwambia zinabaki. Akacheka, akachukua vipande vitatu vya paini vilivyokuwa chini, akavipanga kama mchoro unavyosema, akaviegemea kwa kiganja. Havikuyumba. "Ahaa," akasema, "kila mmoja anamzuia mwenzake asizunguke." Hakuwa amesikia jina la Rietveld. Alikielewa kiungo kwa dakika moja, jambo ambalo kurasa nyingi za wahakiki hazikuwahi kunieleza vizuri.

Sasa itazame nyumba ya Schröder, iliyokamilika mwaka 1924, mwishoni mwa safu ya nyumba za matofali. Truus Schröder alikuwa amefiwa na mume mwaka mmoja kabla, ana watoto watatu, na ni yeye aliyetaka ghorofa ya juu isiwe na kuta za kudumu. Wakaweka kuta za kusukuma: mchana ukumbi mmoja, usiku vyumba. Kwenye michoro ya kuombea kibali, ghorofa hiyo iliandikwa kuwa ni dari la kuhifadhia vitu, maana sheria za ujenzi zisingeikubali vinginevyo. Nje, vibao vyeupe na vya kijivu vinapitana na kutokeza, kama zile fito. Mtu hudhani ni zege tupu. Sehemu kubwa ya kuta ni matofali yaliyopigwa lipu, na sakafu ni za mbao. Yaani ni samani kubwa, iliyojengwa na mtu aliyefikiri kwa fito na mbao. Mwaka 2000 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Linalonisumbua ni bei. Rietveld alichagua fito zilizonyooka, za vipimo vya kawaida, ambazo mashine ingeweza kuzikata bila shida; leo nakala rasmi za samani zake ni za wenye fedha. Yeye mwenyewe alijaribu njia nyingine. Mwaka 1934, uchumi wa dunia ukiwa umeanguka, alibuni samani za mbao za makasha ya mizigo, zile mbao ambazo watu huvunja na kuchoma. Kulikuwa na kiti, kabati la vitabu na meza ya chini. Duka la Metz & Co. liliziuza zikiwa vipande, mnunuzi akaviunga mwenyewe nyumbani. Baadhi ya watu walizidharau: hii nayo ni samani? Meza yake ni vibao vya kawaida vilivyopangwa sambamba, na vichwa vya skrubu vinaonekana wazi. Haina rangi nyekundu wala buluu. Mchoro wangu wa pili nimeuchora kutokana na hiyo.