Baba na Bwana katika Ndoto za Jamaa: Musonoi na Kolwezi

Katika kitabu chake juu ya ndoto, kilichotoka katika mwaka 1900 kama kilivyoandikwa jaladani, Sigmund Freud alidai kwamba mfalme aonekanaye usingizini mara nyingi ni baba wa mwotaji aliyejificha nyuma ya taji. Rai hiyo imezoeleka vyuoni hata hutumiwa pasipo kuulizwa. Huko Musonoi, kambi ya wachimba shaba karibu na Kolwezi, rai hiyo haifai sana, maana huko baba hakujificha.

Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilikuwa kimekwisha kuchapwa Élisabethville mwaka 1945, alianza utume wake katika eneo la Kolwezi mwaka 1953. Huko ndiko ilikozaliwa Jamaa, mwendo wa waumini Wakatoliki, mume pamoja na mkewe, usio na katiba wala ofisi. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa Union Minière. Maisha yao yalipangwa kwa ngazi za amri: Mzungu wa kazi, kapita, mkuu wa kambi, na padri naye hakuwa mbali na ngazi hizo, kwa kuwa misheni na kampuni zilisaidiana, hasa katika shule. Tempels mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikuwa amewaendea watu kama bwana na mwalimu, kabla ya kuwauliza wanatamani nini. Jibu lao likawa kiini cha mafundisho: uzima, uzazi, mapendo.

Mafundisho hayo yalipokewa kwa hatua zilizoitwa njia, na ndoto zilikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Neno lililotawala ni mawazo. Hapa kamusi za Kiswahili sanifu humwacha msomaji njiani, kwani huishia kwenye fikra. Katika Jamaa mawazo ni fikra, ni maongozi ya kiroho, na pia ni ndoto yenye maana; tena Mungu aliwaza mtu kabla ya kumuumba. Kwa hiyo aliyemwona Yesu, Bikira Maria au padri usingizini hakuhesabiwa kuwa amebuni sura hiyo mwenyewe. Alikuwa amekutana na mtu, na kukutana huko kulikuwa dalili ya mapendo. Wenyeji hawakuhitaji kufundishwa upya kwamba mkubwa aweza kumjia mtu usiku: Waluba walijua tangu zamani kwamba mzee aliyefariki huja ndotoni. Jipya lilikuwa kwamba mkubwa huyo hakuja kudai heshima wala kutoa amri, bali kuzaa.

Kitenzi hicho, kuzaa, ndicho kilicholeta matata. Ndoto ilipaswa kusimuliwa, na walioisikiliza walikuwa baba na mama waliomzaa mwanafunzi kiroho. Nao walikuwa wana wa wengine waliowatangulia. Hivyo fundi aliyeamrishwa na kapita mchana kutwa aliweza jioni kupima ndoto ya mwenzake, ilhali padri asiyepitia njia hizo hakuwa na neno la kusema. Ni vigumu kuona jinsi Kanisa lingalivumilia jambo hilo kwa muda mrefu, hata kama pasingalikuwa na tuhuma nyingine.

Na tuhuma zilikuwapo. Ilisemwa kwamba wengine waliuelewa muungano na Yesu au Maria kimwili. Makundi yaliyoshtakiwa hivyo yaliitwa Katete. Tempels alikuwa amerudi Ubelgiji mwaka 1962, wala hakuona tena Kolwezi hadi kifo chake mwaka 1977. Mnamo mwaka 1966 Johannes Fabian alichapisha makala juu ya ndoto na karama katika Jamaa, akaanza pia utafiti wake miongoni mwa wafanyakazi hao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu waliwataka wafuasi waache njia za siri na kuwatii mapadri wao. Baadhi walitii, wengine waliendelea kukutana nyumbani kwa wazazi wao wa kiroho, na kusimuliana mawazo yao huko.