Traki 2 hazitoshi: bango, Mombasa bara na safari ya kuongeza traki

Haya wasomaji, leo tuweke programu kando tuongee muziki. Hesabu zitatufuata tu, msijali.

Bendi ya bango ikipiga harusini Kisauni au Likoni, hebu hesabu maiki. Saksofoni 1, magitaa 2, besi 1, kinanda kinakula njia 2, waimbaji 3, na ngoma hata ukizibania vipi zinataka 4. Jumla 13. Sasa uliza rekodi inayobaki baada ya harusi ina traki ngapi. Mara nyingi 2, kushoto na kulia, zilizochotwa kwenye miksa ya spika. Na miksa ile imepangwa kwa ajili ya watu waliopo pale uwanjani! Gitaa lina spika yake nyuma ya mpigaji, linasikika bila msaada, basi fundi analishusha. Ukisikiliza nyumbani, mwimbaji yumo masikioni mwako na gitaa halipo. Kulirudisha ni kama kutoa sukari kwenye chai.

Kwa upande wetu hili si dogo. Bango limetoka hapa hapa Frere Town, Kisauni, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari wa CMS mwaka 1875 kwa watumwa walioachwa huru, na baba yake ni mpiga saksofoni Joseph Ngala, Mzee Ngala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Them Mushrooms walikuwa wakipigia watalii kwenye mahoteli ya pwani ya Bamburi. Jambo Bwana ikatoka 1982, na mwaka 1987 wakahamia Nairobi, ambako ndiko kulikokuwa na studio kubwa na viwanda vya santuri. Muziki huku, traki kule.

Wenzetu huko nje nao walihangaika. Mwaka 1957 Ampex walimuuzia mpiga gitaa Les Paul mashine ya traki 8, lakini miaka 10 baadaye Beatles bado walikuwa na 4 tu pale Abbey Road. Walizijaza, wakazichanganya kwenye traki za mashine nyingine, wakaendelea. Februari 1967 walitaka nafasi zaidi kwa ajili ya okestra, na fundi Ken Townsend akaunganisha mashine mbili: traki moja ya mashine ya kwanza alirekodi mlio wa hezi 50, akautumia kuendesha mota ya mashine ya pili. Ilifanya kazi kwa shida, maana kuzianzisha pamoja kulitegemea mkono wa mtu.

Kwangu mimi huo ndio moyo wa jambo zima. Kuongeza matundu ya maiki ni rahisi, kazi ni kuzifanya mashine mbili zifuate saa moja. Chukua vinasa sauti viwili vya dijitali ambavyo saa zake zimetofautiana kwa sehemu 10 tu katika milioni. Baada ya saa moja vimeachana kwa milisekunde 36. Kwa rumba labda utavumilia, lakini ngoma moja ikiwa kwenye vinasa vyote viwili utasikia mwangwi.

Alesis walilitatua kwa bei ya mtu wa kawaida (sawa, wa kawaida wa Marekani). ADAT, iliyoanza kuuzwa 1992, ilirekodi traki 8 za dijitali kwenye kanda ya video ya S-VHS. Ukitaka zaidi unaongeza mashine, hadi 16, yaani traki 128, zote zikifuata saa ya mashine ya kwanza. Mashine zenyewe zimeshakuwa vyuma chakavu, lakini tundu lake la kebo ya mwanga lipo mpaka leo. Ukiwa na kadi ya sauti ya maiki 8 yenye tundu hilo, nunua kisanduku cha maiki 8 zaidi, chomeka, unapata 16. Angalieni mambo mawili: kimoja kiwe bwana wa saa na kingine kimfuate, la sivyo utasikia vidoadoa vya kelele, na ukipandisha sampuli kutoka 48,000 hadi 96,000 kwa sekunde, zile njia 8 za kebo zinabaki 4. Bango halihitaji 96,000, kwa maoni yangu.

Upande wa kompyuta, traki 8 za biti 24 kwa sampuli 48,000 ni megabiti 9.2 kwa sekunde. USB ya kwanza ilikuwa na 12 tu, kwenda na kurudi! USB 2.0, ya mwaka 2000, ikaleta 480. Ndiyo maana miksa kama Behringer X32 ya mwaka 2012 ikaweza kupitisha traki 32 kwenye waya mmoja. Hizo ni megabaiti 4.6 kwa sekunde, takriban gigabaiti 66 kwa harusi ya saa 4.

Hapa ndipo waandika programu tunapoitwa. Faili la kawaida la WAV huandika urefu wake kwa biti 32, hivyo haliwezi kupita gigabaiti 4.3. Ukiweka traki zote 32 kwenye faili moja, linajaa kwa dakika 15 na nusu, kabla bibi harusi hajaingia. Kila traki ikiwa na faili lake, unafika saa 8.