Ufuatiliaji wa afya ya watumiaji wa zana zinazotetema

Ufuatiliaji huu ni uchunguzi wa mara kwa mara wa mikono ya watu ambao kazi yao huwashikisha mashine ya kutoboa miamba, nyundo ya umeme, grenda au msumeno wa mnyororo. Nia yake ni kugundua madhara ya mtetemo mapema, kabla ganzi ya vidole haijawa ya kudumu. Mkoani Mara, Tanzania, unawahusu zaidi wachimbaji wa dhahabu wa Buhemba wilayani Butiama, Kinyambwiga wilayani Bunda na Seka huko Musoma Vijijini, pamoja na wapasua mawe, wachomeleaji na wapasua mbao. Waendesha bodaboda nao hushika usukani unaotetema kutwa nzima, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko drili.

Mtetemo huumiza mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, misuli na viungo vya mkono. Giovanni Loriga aliueleza ugonjwa huu Italia mwaka 1911. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, jimboni Indiana, Marekani, ambao vidole vyao vilikuwa vikigeuka vyeupe asubuhi za baridi. Weupe huo ndio uliokuwa alama kuu ya ugonjwa katika vitabu vya tiba.

Kwa Mara, alama hiyo haitoshi. Weupe huchochewa na baridi, na mwambao wa Ziwa Victoria una joto karibu mwaka mzima. Juu ya ngozi nyeusi, kidole kilichokosa damu huweza kuonekana cha kijivu tu, kama kilichopakwa majivu, na mpimaji asiyezoea akakipita. Ganzi ndiyo ya kuulizwa kwanza: je, vidole humwamsha mtu usiku? Anafunga vifungo vya shati bila kutazama? Anaitambua sarafu mfukoni kwa kuipapasa? Hata hivyo baridi isisahaulike kabisa, kwa sababu hewa inayotoka kwenye drili ya kompresa ni baridi na mara nyingi hupulizia mikono ileile iliyoishika.

Kwamba ugonjwa huu upo katika migodi ya Afrika si jambo la kubahatisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini uliukuta kwa asilimia 15 ya waliotumia zana zinazotetema, na dalili zinazofanana nao kwa asilimia 5 ya wasiozitumia. Kwa wastani dalili zilianza baada ya miaka 5.6 ya kazi.

Utaratibu unaotumika Uingereza, ambako kanuni za mtetemo kazini zilitungwa mwaka 2005, huanza na dodoso fupi kabla mtu hajashika mashine. Dodoso hurudiwa kila mwaka. Mwenye dalili hupelekwa kwa muuguzi wa afya kazini, kisha kwa daktari. Ukali hupangwa kwa kipimo cha Stockholm, kila mkono peke yake: ganzi inayokuja na kuondoka, kisha kupungua kwa hisia, na mwishoni kushindwa kazi ndogondogo za vidole. Dodoso halihitaji chombo chochote, hivyo zahanati ya kijiji inaliweza.

Ugumu uko kwenye kutofautisha. Mchimbaji mdogo hushika zebaki na kuchoma mchanganyiko wake na dhahabu. Zebaki nayo huleta ganzi na kutetemeka. Kifua kikuu ni kingi kwa wachimbaji, na dawa yake ya isoniazidi inaweza kudhuru mishipa ya fahamu, ila ganzi yake kwa kawaida huanzia miguuni. Kisukari, pombe na ukoma pia vina ganzi zake. Daktari anayeandika “mtetemo” bila kuuliza haya anakisia.

Vipimo vya muda navyo vinatisha. Ulaya iliweka kikomo cha mtetemo cha mita 5 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa nane. Zana yenye mtetemo wa mita 20 kwa sekunde mraba hufikia kikomo hicho kwa dakika 30 tu za kutoboa.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayotaka mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza kazi na baadaye kwa vipindi, chini ya usimamizi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Sheria ya fidia ya mwaka 2008 ilizaa WCF, mfuko unaolipa magonjwa yatokanayo na kazi. Zote mbili zimejengwa juu ya mwajiri mwenye orodha ya watu wake. Lakini kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, yuko mwenye leseni, yuko mwenye duara, na wako wanaolipwa kwa mgawo wa mawe. Kijana anatoboa Buhemba leo, mwezi ujao yuko Geita au Chunya. Faili la ofisini halimfuati. Kumbukumbu inayofaa hapa ni ile anayotembea nayo mwenyewe, kama kadi ya kliniki ya mtoto, ikionyesha mashine alizoshika, saa na majibu ya kila mwaka.

Aliye katika hatua ya kwanza ya ugonjwa aondolewe kwenye drili, na asihamishiwe kwenye vumbi la karasha, mashine ya kuponda mawe, maana huko mapafu ndiyo yatakayoumia. Hatua ya mwisho kwa kawaida hairudi nyuma hata mtu akiacha kazi. Mchimbaji anayebaki na ganzi au mchonyoto vidoleni zaidi ya dakika 20 baada ya mashine kuzimwa aende kupimwa, na amweleze mhudumu ni zana gani anatumia.