Jina la Kupewa na Jina la Kujichagulia: Wanafunzi wa Afrika ya Kusini, 1967–1977

  

Leo tutazungumza juu ya wanafunzi wa Afrika ya Kusini. Mtauliza: habari za vijana wa inchi ya mbali zinatuhusu nini sisi tunaotafuta unga na turubai? Zinatuhusu kwa sababu vijana wale walikuta swali lile lile mnaloulizwa ninyi kwenye bariera, kwenye orodha ya msaada, hata penye kisima: "Wewe ni mtu wa nani?" Wao walitafuta jibu lao wenyewe. Tusikilize vile walivyolipata, na bei waliyolipa.

Inchi iliyogawanywa kwa karatasi

Mwaka wa 1948 chama cha Wazungu kilichoitwa National Party kilishika utawala. Siasa yake iliitwa apartheid, ndiyo kusema utengano. Mwaka wa 1950 ilitunga sheria ya kuandikisha kila mtu kufuatana na rangi yake, na sheria nyingine ya kuonyesha kila rangi pahali pake pa kukaa. Watu wakahesabiwa kuwa makundi manne: Wazungu, Waafrika, machotara na Wahindi. Ilitokea watoto wa tumbo moja wakaandikwa rangi mbili mbalimbali.

Waafrika nao wakagawanywa tena kwa kabila. Mzulu alipewa kipande chake cha inchi, Mxhosa chake, Mvenda chake, vipande vilivyoitwa bantustani. Watafiti walikadiria kwamba kati ya mwaka 1960 na 1983 watu kama 3,500,000 walihamishwa kwa nguvu. Ninyi mliobeba watoto na sufuria usiku mnajua uzito wa hesabu hiyo.

Mwaka wa 1959 ugawaji ukafika katika vyuo vikuu. Fort Hare kikawa cha Waxhosa. Turfloop, huko kaskazini, kikawa cha Wasotho, Watsonga na Wavenda. Ngoye kikawa cha Wazulu. Machotara walijengewa chuo chao karibu na Cape Town, na Wahindi chao Durban. Serikali ilitaka kijana asome, lakini asome huku akijiona mtu wa kabila lake tu.

Vijana wanajiuliza

Lakini katika mji wa Durban, Chuo Kikuu cha Natal kilikuwa na sehemu ya uganga iliyopokea Waafrika, Wahindi na machotara pamoja. Walilala bweni moja, wakala meza moja. Mwaka wa 1966 akaingia pale kijana wa miaka 19, jina lake Steve Biko.

Wakati ule wanafunzi walikuwa na chama kimoja, NUSAS. Kilipinga ubaguzi, lakini Wazungu walikuwa wengi ndani yake na ndio waliokiongoza. Mwaka wa 1967 kilikutana katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Grahamstown. Wakubwa wa chuo walikataa wajumbe weusi walale mabwenini pamoja na wenzao. Wazungu wakalala chuoni, weusi wakapelekwa katika jumba la kanisa mtaani. Biko na wenzake wakajiuliza: mtu anayekusemea mchana, na usiku analala pahali usipoweza kulala wewe, atakusemea mpaka lini?

Mwisho wa mwaka 1968 walikutana Mariannhill, karibu na Durban, wakaamua kuanzisha chama chao wenyewe. Mwezi wa saba mwaka 1969 kikazinduliwa Turfloop kwa jina la SASO, na Biko akawa rais wa kwanza. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka huo: tarehe 4 mwezi wa sita 1969, askari waliwapiga risasi wanafunzi wa Lovanium walioandamana Kinshasa. Vijana walikuwa wakiuliza maswali magumu katika inchi nyingi.

Jina jipya

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Sheria iliwaita watu hao wote "wasio Wazungu". Fikirini, ndugu: ni jina la kukuambia kitu usicho. Ni kama kumwita mtu "asiye na nyumba" na kusahau kwamba ni fundi, ni mama, ni mtoto wa fulani.

SASO ikalikataa jina hilo. Ikasema: sisi ni Weusi. Na neno hilo "Weusi" halikuwa la Waafrika peke yao. Lilikuwa la Mwafrika, Mhindi na chotara, kila mtu aliyeonewa na sheria ile na aliyekubali kuipinga pamoja na wenzake. Katika viongozi wao walikuwamo akina Barney Pityana, na akina Saths Cooper na Strini Moodley wenye asili ya Kihindi. Halikuwa jina la ngozi tu: mtu mweusi aliyejiuza kwa mwonevu hakuhesabiwa ndani yake, hata angekuwa mweusi kama chungu.

Wengine waliwalaumu: je, huku si kujitenga vilevile? Swali hilo ni la haki, kwa maana hata hapa kwetu watu hujikusanya wakisema wanajilinda, na kesho wanachoma nyumba za jirani. Tutajuaje tofauti? Angalieni mambo mawili. Kwanza, vijana hawa waliwafungulia mlango watu ambao serikali ilitaka wagombane nao. Anayejikusanya kwa chuki hupunguza watu; wao waliongeza. Pili, hawakutaka kumfukuza mtu kwao. Biko alifundisha kwamba Weusi wasimame kwanza, waache kujidharau, ili siku moja inchi iwe ya wote bila mmoja kumpigia mwenzake magoti.

Na hawakusema tu, walifanya kazi. Walifundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mwaka wa 1975 shirika la wenzao lilifungua kliniki ya Zanempilo katika kijiji cha Zinyoka, karibu na King William's Town, ikiongozwa na mganga kijana mwanamke, Mamphela Ramphele, aliyesoma pamoja na Biko. Na chama cha watu wazima kilichozaliwa katika mawazo hayo, Black People's Convention, mwaka wa 1972 kilimchagua mama mmoja, Winnie Kgware, kuwa rais wake wa kwanza.

Mkono kwa jirani

Vijana hawa walitazama pia ng'ambo ya mpaka. Katika Msumbiji, chama cha Frelimo, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka wa 1962, kilipigana na Wareno tangu 1964. Mwezi wa tisa mwaka 1974 Wareno walikubali kuiacha inchi. SASO ikaita watu wakusanyike Durban tarehe 25 mwezi huo kushangilia. Waziri akakataza. Maelfu wakaja hata hivyo, na polisi wakawatawanya kwa mbwa. Viongozi tisa walipelekwa mahakamani, wakahukumiwa mwaka wa 1976 na kufungwa Robben Island. Kosa lao halikuwa bunduki wala bomu. Walihukumiwa kwa maneno na mawazo yao, na kwa kufurahia uhuru wa jirani.

Bei iliyolipwa

Mwaka wa 1972 mwanafunzi Abram Tiro alisema wazi juu ya elimu ya ubaguzi katika sikukuu ya shahada huko Turfloop. Akafukuzwa, na wanafunzi wa vyuo vingine wakagoma kwa ajili yake. Akaenda kufundisha historia katika shule ya Morris Isaacson, Soweto. Mwezi wa pili mwaka 1974, akiwa mkimbizi Botswana, aliuawa na bomu lililofichwa ndani ya kifurushi.

Miaka miwili baadaye, tarehe 16 mwezi wa sita 1976, wanafunzi wa shule ile na shule nyingine za Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans. Polisi walipiga risasi. Mtoto Hector Pieterson, wa miaka 12, akawa mmoja wa waliokufa. Machafuko yakaenea, na tume ya serikali yenyewe ilihesabu wafu zaidi ya 500. Biko alikamatwa mwezi wa nane 1977. Polisi walimpiga, akafa tarehe 12 mwezi wa tisa, akiwa na miaka 30. Mwezi uliofuata SASO na vyama vingine vingi vikapigwa marufuku.

Jina peke yake halitoshi

Ndugu, tusifiche sehemu ya mwisho. Katikati ya miaka ya 1980, wafuasi wa AZAPO, chama kilichorithi mawazo ya Biko, na wafuasi wa UDF walichomeana nyumba na kuuana katika mitaa ile ile ya Weusi. Wote walimpinga adui mmoja, wote walikuwa wameonewa. Jina la pamoja liliwaunganisha mbele ya serikali, lakini halikuwafundisha lenyewe namna ya kubishana bila kuuana. Kazi hiyo sherti ifanywe kila siku, na watu wanaojuana kwa sura.

Wakubwa wa mitaa, hapo ndipo habari hii inapowagusa. Mnapoandika orodha, andikeni haja ya mtu kabla ya kabila lake: mgonjwa, mjane, mtoto asiye na mzazi. Mkipanga kazi ya kuchimba choo au kutengeneza kisima, changanyeni mikono ya waliohama na ya wenyeji. Zanempilo ilihubiri zaidi kwa dawa kuliko kwa hotuba. Na vijana wakikutana kuuliza maswali, msiwaogope. Kaeni nao, sikieni. Ninyi jamaa mliohama, mtoto wako anapouliza "sisi ni nani?", usimpe jina la adui kuwa jibu. Mwambie mliyofanya, mliyopanda, waliowafungulia mlango.

Mkizima redio, ulizaneni nyumbani maswali haya matatu:

1. Ni jina gani tulilopewa na wengine ambalo linatutenga na jirani zetu?
2. Ni shida gani tunayoishiriki sisi waliohama na wao waliotupokea?
3. Ni kazi gani moja tunaweza kuianza pamoja juma hili?

Kidole kimoja hakivunji chawa.